Damu ya binti wa mjini: kwa nini juisi nyekundu haitoshi

Kila baada ya muda ujumbe ule ule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: chukua bitiruti, saga, changanya na rozela, ongeza maji ya matembele yaliyochemshwa, mpe binti kikombe asubuhi na jioni, wiki haiishi damu imejaa. Akina mama wanashukuru na kusambaza. Mmoja anauliza, "Wangu ana damu tisa, anywe kwa siku ngapi?" Anajibiwa kwamba hiyo ni presha imeshuka, ampe maji yenye chumvi kidogo. Mwingine anaandika kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu tu, wanalala na simu.

Swali la mama huyo linastahili jibu zuri kuliko hayo. Tuanze na hiyo tisa yenyewe: tisa ya nini?

Ni gramu za hemoglobini katika desilita moja ya damu. Hemoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Ndiyo inayoipa damu rangi yake, na ndiyo inayochukua oksijeni mapafuni na kuifikisha kwenye ubongo, misuli na moyo. Kwa msichana aliyefikisha miaka 12 na ambaye si mjamzito, Shirika la Afya Duniani linasema ana upungufu wa damu akiwa chini ya 12. Kati ya 11 na 11.9 upungufu huitwa mdogo, kati ya 8 na 10.9 ni wa wastani, chini ya 8 ni mkali. Mwenye tisa, basi, ana upungufu wa wastani. Haanguki barabarani. Anakwenda shule, anafua sare zake, anacheka na wenzake, na kwa sababu hiyo nyumbani hakuna anayeshtuka. Anapanda ngazi hadi darasani moyo ukienda mbio, kipindi cha mchana anasinzia, jioni kichwa kinamuuma, na mwisho wa muhula ripoti inaandikwa "hana bidii".

Ujazo wa damu katika mishipa yake unaweza kuwa sawa na wa mwenzake mwenye 13. Kilichopungua ni hemoglobini, na mwili hauwezi kuitengeneza bila madini ya chuma. Unahitaji pia foliki asidi, vitamini B12, vitamini A na protini, ila kwa wasichana wanaobalehe kinachokosekana mara nyingi zaidi ni chuma.

Tatizo hili si la familia chache. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulikuta kwamba Tanzania, wanawake 42 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Ule wa 2015-16 ulikuta 45. Katika miaka saba hivi tumesogea hatua ndogo sana. Wengi wetu tumezoea kuliona kuwa tatizo la wajawazito, kwa sababu kliniki ya wajawazito ndiyo mahali pekee ambapo mwanamke hupimwa damu kwa utaratibu na kupewa vidonge. Lakini wengi wao huingia kwenye ujauzito wakiwa tayari wana upungufu walioubeba tangu wakiwa sekondari.

Kibubu kinachovunjwa kila mwezi

Chuma cha mwilini ukifikirie kama fedha ya nyumba yenye kipato kidogo cha kila siku na kibubu cha akiba. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Ikifa, mwili hauitupi: hukichukua chuma chake na kutengenezea chembe mpya. Kinachopotea kwa siku, kupitia ngozi na utumbo, ni miligramu moja hivi. Mtoto wa kike wa miaka tisa anaweza kuifidia kwa chakula cha kawaida, na kinachobaki hutunzwa kwenye ini na kwenye uboho wa mifupa. Hicho ndicho kibubu.

Kisha anavunja ungo. Katika hedhi ya kawaida hutoka mililita 30 hadi 40 za damu, na kila mililita hubeba karibu nusu miligramu ya chuma. Hizo ni miligramu 15 hadi 20 zinazotoka kwa mwezi, mbali na matumizi ya kila siku. Anayetokwa na damu nyingi, zaidi ya mililita 80, hupoteza hata mara mbili ya hapo. Yote haya yanampata katika miaka ambayo anarefuka, misuli inaongezeka na ujazo wa damu yenyewe unakua, hivyo matumizi yamepanda pande zote kwa wakati mmoja.

Upande wa kipato kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: chuma unachokula sicho unachopata. Katika mlo mchanganyiko mwili hufyonza sehemu moja hivi kati ya kumi. Ndiyo maana msichana wa miaka 14 hadi 18 hushauriwa kula vyakula vyenye miligramu 15 kwa siku, ili apate moja na nusu tu. Mvulana wa umri huo hushauriwa miligramu 11. Kaka na dada wakipakuliwa chakula sawasawa, dada ndiye atakayepungukiwa. Na katika nyumba nyingi hawapakuliwi sawasawa: vipande vya nyama huenda kwa baba na wavulana, msichana akabaki na mchuzi. Dada wa kazi, ambaye mara nyingi naye ana umri wa kuwa shuleni, hula wa mwisho kabisa. Hili linaniuma, kwa sababu halihitaji hata shilingi moja kulibadilisha.

Kibubu hakiishi kwa siku moja. Huanza kupungua, kikawa kitupu, na baada ya hapo ndipo hemoglobini inaposhuka. Kwa hiyo binti anaweza kupimwa, akakutwa na 12.3, akaambiwa yuko salama, ilhali akiba yake imekwisha na tayari anachoka upesi na kushindwa kutulia kwenye masomo. Kipo kipimo cha ferritini kinachoonyesha hali ya akiba, ingawa si kila kituo cha afya kinacho.

Mjini tumbo hujaa

Watu husema mjini hakuna njaa, kwa hiyo upungufu wa damu ni wa vijijini. Ni kweli kwamba Dar es Salaam ina malaria kidogo kuliko Kigoma, Geita au Mtwara, na malaria huharibu chembe nyekundu. Lakini mji una njia zake.

Tuchukue msichana wa kidato cha pili anayeishi Mbagala na kusoma karibu na katikati ya jiji. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi daladala. Amekunywa chai ya rangi na andazi, au hajatia kitu tumboni. Saa nne, nje ya geti la shule, ananunua mihogo ya kukaanga iliyonyunyiziwa chumvi na pilipili, na barafu ya kufyonza au pakiti ya ubuyu. Akiwa na hela zaidi, chipsi na soda. Anarudi saa kumi na moja jioni, anakula wali na maharage, na pembeni yake kuna kikombe kingine cha chai ya rangi. Hakulala na njaa. Ila mihogo, viazi, andazi la unga mweupe na sukari havina chuma cha maana, na chuma pekee cha kutegemea, kile cha kwenye maharage, kimekutana na chai.

Nikae kwenye chai kidogo, maana ndipo wengi wanapokwama. Majani ya chai yana tanini, na tanini hukamata chuma cha mimea tumboni kabla hakijafyonzwa. Kikombe kimoja kinachonywewa pamoja na chakula kinaweza kupunguza ufyonzaji huo kwa zaidi ya nusu. Kahawa hufanya hivyo pia. Sisemi tuache chai; kwa watu wa pwani hilo lingekuwa jambo la kupoteza muda kulishauri. Ninachosema ni kuisogeza. Chai ikinywewa saa moja au zaidi baada ya kula, madhara yake hupungua sana.

Kisha iwekwe kitu kinachosaidia badala ya kuzuia. Chungwa, pera, embe, papai, au ndimu inayokamuliwa juu ya maharage yakiwa tayari kwenye sahani, kwa sababu vitamini C ikipikwa muda mrefu huharibika. Samaki na nyama navyo vina faida mbili: chuma chao hufyonzwa kwa urahisi kuliko cha mimea, na vikiliwa pamoja na maharage au mboga huvuta na chuma cha vile vingine. Kiganja cha dagaa kwenye sufuria ya maharage ni mlo tofauti kabisa na maharage peke yake. Maini yana takriban miligramu sita katika kila gramu mia, na kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha kuleta tofauti. Choroko, kunde na maharage yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe, hapo hupungua ile asidi ya kwenye nafaka na jamii ya kunde inayofunga chuma.

Unga nao una habari yake. Kwa zaidi ya miaka kumi Tanzania imekuwa na kanuni zinazotaka viwanda vikubwa viongeze virutubishi, chuma kikiwemo, kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Kenya nayo ina sharti kama hilo tangu 2012. Mashine ndogo za kusaga za mitaani, ambako familia nyingi za Temeke na Manzese hununua unga wa kupima, mara nyingi haziongezi kitu. Ukinunua unga wa pakiti, soma maandishi uone kama umeongezwa virutubishi.

Hayo ya juisi nyekundu

Wekundu wa bitiruti hauhusiani na wekundu wa damu. Gramu mia za bitiruti zina chini ya miligramu moja ya chuma. Ni chakula kizuri, kina foliki asidi, lakini hakiwezi kumtoa mtu kwenye tisa. Rozela ina vitamini C, kwa hiyo inafaa ikinywewa pamoja na chakula chenye chuma. Matembele yana chuma kwenye majani yenyewe. Kuyachemsha, kunywa maji na kutupa majani ni kutupa sehemu iliyo bora. Ayapike na kuyala, kama mchicha, kisamvu au mnafu. Soda nyekundu ni rangi na sukari.

Hayo ya presha pia tuyatenganishe. Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa, na hupimwa kwa kile kitambaa kinachofungwa mkononi. Hemoglobini hupimwa kwa kutobolewa kidole au kuchukuliwa damu mshipani. Vyote viwili vinaweza kuleta kizunguzungu, na hapo ndipo watu huchanganya. Maji ya chumvi hayaongezi hata chembe moja ya hemoglobini.

Unene nao si kinga. Chipsi na soda za kila siku humnenepesha binti bila kumpa chuma, na unene uliozidi huamsha hali mwilini inayopunguza ufyonzaji wa chuma hichohicho kidogo. Mama anayesema "huyu hawezi kuwa na upungufu wa damu, si unaona alivyo" anapima kwa macho kitu kisichopimika hivyo. Macho yakitumika, yaangalie ndani ya kope za chini, ulimi na viganja: vikipauka, mtoto apelekwe kupimwa. Visipopauka bado hujapata uhakika.

Halafu kuna udongo. Ule wa kula, unaouzwa sokoni kwa mafungu, ambao wasichana huuficha kwenye mfuko wa sketi. Wengine hutafuna mchele mbichi au barafu. Hamu hiyo huendana sana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huzidisha tatizo, maana hushika chuma tumboni na unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya sumu kama risasi. Binti akikutwa nao, kumchapa au kumcheka hakusaidii. Apimwe damu.

Jambo ambalo haliulizwi

Nimeeleza habari za chakula kwa kirefu, lakini kama ningeruhusiwa kumshauri mzazi jambo moja tu, lisingekuwa la chakula. Ningemwambia amuulize binti yake kuhusu hedhi, kwa namba.

Kwa kawaida huulizwa hivi. Muuguzi: "Siku zako zikoje, mwanangu?" Kabla binti hajafungua mdomo mama anajibu, "Za kawaida tu, nesi." Binti anatazama sakafu. Mama akiombwa kusubiri nje, muuguzi anauliza tena, polepole: unabadilisha pedi mara ngapi kwa siku? Usiku unaamka? Unavaa mbili kwa pamoja? Ndipo inajulikana kwamba siku ya pili hubadilisha kila saa moja au mbili, hulala juu ya kanga iliyokunjwa, hutokwa na mabonge, na siku hizo haendi shule kwa kuogopa kuchafua sketi mbele ya wavulana. Kwake hiyo ni kawaida, maana hajawahi kuwa na nyingine ya kulinganisha.

Hedhi inayopita siku saba, pedi inayojaa ndani ya saa moja au mbili, mabonge makubwa kama sarafu ya shilingi 200, kuamka usiku kubadilisha: hizo ni dalili za kumwona daktari. Katika miaka miwili mitatu ya kwanza baada ya kuvunja ungo homoni huwa hazijatulia, na hedhi nzito hutokea kwa sababu hiyo. Wachache wana tatizo la damu kutoganda vizuri, ambalo hedhi ndiyo hulifichua. Zipo dawa za kupunguza wingi wa damu inayotoka. Kumlisha binti maini huku damu inamwagika kila mwezi kwa kiwango hicho ni kujaza kibubu chenye tundu.

Na si kila upungufu wa damu ni wa chuma. Minyoo ya safura hunyonya damu utumbo ukiwa kimya; kingatiba ya minyoo hutolewa zaidi kwa watoto wa shule za msingi, na binti akishaingia sekondari mara nyingi hakuna anayekumbuka. Kichocho, malaria, kifua kikuu, VVU na ujauzito huingia humu. Selimundu pia, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu: inakadiriwa watoto 11,000 hivi huzaliwa nayo kila mwaka Tanzania. Mgonjwa wa selimundu hana hemoglobini ndogo kwa kukosa chuma, na kumpa vidonge vya chuma bila kipimo kunaweza kumrundikia chuma asichokihitaji. Hii ndiyo sababu ya kutonunua dawa ya "kuongeza damu" dukani kwa kukisia. Kipimo cha picha kamili ya damu, kile wanachokiita FBP, humwonyesha daktari ukubwa na hali ya chembe nyekundu, na humsaidia kujua pa kuanzia.

Vidonge

Ikithibitika ni chuma, juisi zikae pembeni. Mwenye tisa atahitaji vidonge. Kuongezewa damu hakumhusu. Huko huenda walio hatarini, na damu ya benki ni chache. Vidonge vya chuma havina homoni, si vya uzazi wa mpango, havizuii mimba leo wala kesho. Uvumi huo umewafanya wasichana wavitupe chooni, na wazazi wavikatae vinapogawiwa. Choo kitakuwa cheusi, na hilo lisimtishe mtu. Tumbo linaweza kuchafuka au choo kikawa kigumu. Akivimeza usiku, au baada ya kula kidogo, huvumilika zaidi, na daktari anaweza kumpangia siku moja ndiyo, siku moja hapana. Avimeze kwa maji au juisi ya chungwa, si kwa chai wala maziwa. Pakiti iwekwe juu, mbali na wadogo zake, kwa sababu vidonge vichache vinavyomsaidia dada vinaweza kumuua mtoto wa miaka miwili.

Kwa mahali ambapo upungufu wa damu ni wa watu wengi kama hapa kwetu, Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana na wanawake wanaopata hedhi wapewe chuma hata kabla ya kuugua. Wenye upungufu wakifika wanawake 40 kati ya 100, ushauri ni kidonge cha kila siku chenye miligramu 30 hadi 60 za chuma, kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka. Palipo chini ya hapo lakini wamefika 20, ni kidonge kimoja kwa wiki chenye miligramu 60 za chuma na 2.8 za foliki asidi. Sioni kwa nini shule za sekondari za mjini, zenye wasichana mamia mahali pamoja kila Jumatatu asubuhi, zisiwe mahali pa kuanzia.

Anayetibiwa apimwe tena baada ya wiki nne. Dawa ikifanya kazi, hemoglobini huwa imepanda kwa gramu moja au mbili. Asiache hapo, hata akijisikia mzima: iliyopanda ni hemoglobini, akiba bado, na kuijaza huchukua miezi mitatu hivi zaidi baada ya namba kufika 12. Wengi huacha mwezi wa kwanza na kurudi kliniki mwaka unaofuata na namba ile ile. Ikiwa baada ya wiki nne haijasogea, arudi kwa daktari na pakiti yake, vilivyobaki vihesabiwe bila kugombezwa, aulizwe anavimeza na nini, na hedhi iulizwe upya, binti akiwa peke yake chumbani.